Supu ya Mifupa: Nyama Apewe Nani?

Leo tujifunze kupika supu ya mifupa ya ng'ombe.

Nunua mifupa yenye nyama, ya ng'ombe aliyepimwa na bwana mifugo. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe asiliwe. Kimeta kinaua, na kuchemsha hakutoshi.

Osha mifupa, itie sufuriani, mimina maji baridi mpaka yaifunike. Yakichemka, engua povu. Tia kitunguu na tangawizi. Kisha vuta kuni, moto uwe mdogo, ukae saa 3. Chumvi na ndimu mwishoni. Huko Vietnam supu ya namna hii huliwa na tambi za mchele. Sisi ugali unatutosha!

Sasa tusikilizane. Nyumba nyingi baba hula nyama, mtoto hupewa mchuzi, eti ndio wenye nguvu. Si kweli. Mchuzi una ladha, lakini chakula cha kujenga mwili kimebaki zaidi kwenye nyama. Hata madini ya chokaa hayatoki sana mifupani.

Mtoto akitimiza miezi 6, mbambulie nyama iliyolainika, iponde sana, changanya na uji mzito. Hakuna nyama? Chukua usipa wakavu wa Ziwa Nyasa, watwange pamoja na miiba yao mpaka wawe unga laini, utie kwenye uji huohuo. Hapo na chokaa anaipata.