Ikilala Chini, Nani Ataiinua?

"Nina miaka 64, naishi Houston, Texas, na mwaka huu nimestaafu. Ujanani nilikuwa bwana shamba huko Handeni, na pikipiki ya serikali ndiyo iliyonifikisha vijijini. Tangu nije Marekani sijapanda tena, yapata miaka thelathini. Sasa jirani anauza Harley-Davidson Road King ya 2007 kwa dola 6,500. Inang'aa, maili ni chache, na muungurumo wake unaninyima usingizi. Mke wangu hataki kusikia. Aliniuliza mara moja tu, 'Ikilala chini, nani ataiinua?' kisha akanyamaza, na ukimya wake unanisumbua kuliko ugomvi. Goti langu la kushoto lilibadilishwa miaka minne iliyopita, na natumia vidonge vya presha na vya kuzuia damu kuganda. Jirani anataka jibu mwisho wa mwezi. Ninunue, au niachane na ndoto hii?"
Bwana Shamba Mstaafu, Houston

Shikamoo mzee wangu,

Usinunue Road King ya jirani. Ndoto yenyewe siigusi, kwa kuwa naamini inaweza kutimia kwa pikipiki nyingine, ukishamalizana na daktari na ukishapita darasani. Nakwambia hivi kwa sababu ya swali la Mama. Wewe umelipokea kama pingamizi, lakini mimi naona ndilo swali ambalo muuzaji mwaminifu angemuuliza mteja wa umri wako kabla ya kumwonyesha chochote.

Road King ya mwaka huo ina injini ya cc 1,584 na uzito unaozidi kilo 330 kabla mtu hajaikalia. Ikishika mwendo, uzito huo hausikiki. Inatulia barabarani, na ndiyo maana wazee wengi wanazipenda hizi pikipiki za kruza, za kukaa chini na kunyoosha miguu. Uzito unarudi pale unaposimama. Unarudi kwenye maegesho yenye mteremko, kwenye kokoto za kituo cha mafuta, kwenye taa nyekundu ambapo lori limedondosha oili, na pale unapogeuza taratibu usukani ukiwa umekunjwa mpaka mwisho. Pikipiki nzito ikishainama kupita kiasi, hakuna mguu wa kuizuia. Kijana ataiachia na kuruka pembeni. Mtu mwenye goti la kuwekewa huenda akajaribu kuishikilia, na hapo ndipo anapoumia.

Tena angalia mguu wenyewe ni upi. Stendi ya pikipiki iko kushoto, kwa hiyo unapopanda unasimama kwa mguu wa kushoto na kuvusha wa kulia juu ya siti. Unapoitoa kwenye stendi, mguu huohuo wa kushoto unaisukuma isimame wima. Gia nazo zinabadilishwa kwa mguu wa kushoto. Yaani karibu kila kazi ya kusimama na kuondoka imeangukia goti lako lililofanyiwa upasuaji. Kama siti ya nyuma ina egemeo refu, mguu wa kulia unalazimika kupanda juu zaidi, na wakati huo wa kushoto unazidi kuelemewa. Pikipiki ya Handeni haikukudai hivyo: ilikuwa nyepesi, na wewe ulikuwa na miaka thelathini na kitu.

Liko pia suala la mgongo, na hapa watu wengi hudanganyika. Kruza inaonekana kama kiti cha kupumzikia, na kwa nusu saa ya kwanza ndivyo ilivyo. Lakini vikanyagio vikiwa mbele sana, huwezi kujiinua kidogo unapovuka shimo. Uzito wote unabaki kwenye makalio, na kila mshtuko unapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Kwa mtu wa rika lako natafuta vikanyagio vilivyo mbele kiasi, goti likiwa limekunjuka lakini nyayo bado zina nguvu ya kusukuma. Usiridhike na kuikalia dakika moja dukani. Ikalie robo saa nzima huku mikono iko kwenye usukani, halafu geuza shingo utazame bega la kushoto na la kulia, kama unayetaka kubadilisha njia barabarani. Shingo ikigoma, vioo peke yake havitakutosha kwenye barabara kuu za Houston. Na joto la mji wako unalijua: injini kubwa inayopozwa kwa hewa, ukiwa umekwama kwenye foleni mwezi wa Agosti, inalichoma paja.

Sasa nikutajie ninazozitaka kwako. Ya kwanza ni Kawasaki Vulcan S, iliyoanza kuuzwa na modeli ya 2015. Ina cc 649, uzito wa kilo 230 hivi mafuta yakiwa ndani, na siti iliyo sentimita 70 na ushee kutoka chini, hivyo mtu wa kimo cha kawaida anakanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Waliitengeneza ili vikanyagio viweze kusogezwa mbele au nyuma kulingana na urefu wa miguu ya mwendeshaji, na wewe ndiye mtu wa kufaidika na hilo. Tafuta yenye breki za ABS. Taasisi ya bima inayochunguza usalama barabarani huko Marekani, IIHS, ilikuta kwamba pikipiki zenye ABS zina kiwango cha ajali za vifo kilicho chini kwa asilimia 22 kuliko pikipiki za aina ileile zisizo nayo. Mtu aliyekaa miaka thelathini bila kupanda, akishtushwa na gari lililomkatia njia, atabana breki kwa nguvu zote. Mfumo huo unazuia tairi lisigande na kuteleza.

Ya pili ni Honda Shadow ya cc 750, hasa Aero au Phantom. Ni nzito kidogo, kilo 250 na ushee, lakini siti yake iko chini zaidi, na inaendeshwa kwa shafti, hivyo huna cheni ya kupaka mafuta wala kukaza. Ziko nyingi sokoni, mafundi wanazijua, na vipuri havisumbui. Yamaha V Star 650 Classic nayo ni ya shafti, na ina kikanyagio cha gia cha mbele na nyuma, ambacho kinakuwezesha kupandisha gia kwa kukandamiza kwa kisigino badala ya kunyanyua kwa vidole. Kwa goti lako hiyo ni nafuu kubwa. Lakini V Star 650 haikuwahi kuwa na ABS, na Shadow nyingi utakazozikuta hazina pia.

Goti likigoma kabisa kwenye gia, iko Honda Rebel 1100 ya kuanzia 2021 yenye gia za kujibadilisha zenyewe, bila kishikio cha klachi. Bei yake huenda ikapita mfuko wako, na injini ina nguvu kuliko unavyohitaji mwaka wa kwanza. Naitaja ili ujue njia hiyo haijafungwa.

Lakini kabla ya yote hayo, nenda kwa daktari wako na umwambie waziwazi kwamba unataka kurudi kwenye pikipiki. Presha sihofii sana, ingawa baadhi ya dawa zake huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla, na kizunguzungu juu ya magurudumu mawili ni hatari. Ninachohofia ni hivyo vidonge vya kuzuia damu kuganda. Kwa anayevitumia, pigo la kichwa ambalo mwingine angeamka nalo akajipangusa vumbi linaweza kuvujisha damu ndani ya fuvu, pengine bila dalili kwa saa kadhaa. Muulize utavitumia mpaka lini. Muulize pia kuhusu macho, maana mtoto wa jicho huanza taratibu na hujitokeza zaidi usiku, taa za magari zinapokupiga usoni. Akisema hapana, mzee wangu, mkubalie. Kama angekataa na wewe ukaendelea, mimi nisingeweza kukutetea mbele ya Mama.

Akisema ndiyo, nenda kozi kabla ya kununua. Texas inadai kozi ya usalama wa pikipiki iliyoidhinishwa kwa anayeomba leseni ya daraja la M, kwa hiyo huikwepi. Kozi ya kuanzia huwa na pikipiki zake ndogo, na kama utaiangusha moja, utakuwa umeangusha nyepesi na mwalimu yuko karibu. Mwombe akufundishe kuinua: unaipa mgongo pikipiki iliyolala, makalio yanaegemea siti, mkono mmoja unashika usukani uliokunjwa na mwingine fremu, kisha unarudi nyuma kwa hatua fupifupi, nguvu ikitoka kwenye mapaja. Ukishafanya hivyo kwa goti lako lilivyo sasa, utajua mwenyewe kilo ngapi ni zako. Ukishindwa hata ile ndogo, basi umepata jibu kwa ada ya kozi tu.

Siku ya kwenda kuangalia, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu alitaka kukuficha, mara nyingi ugumu wa kuwaka ikiwa baridi. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua. Tazama ncha za vishikio vya breki na klachi, vikanyagio, na upande wa chini wa ekzosi: mikwaruzo hapo ni kumbukumbu ya kuanguka. Maili chache, zile zilizokuvutia kwa jirani, hazinipi furaha yoyote zikiwa na miaka mingi. Pikipiki iliyolala gereji huharibika kimyakimya. Petroli hugeuka gundi ndani ya kabureta, tangi hupata kutu, mpira wa matairi hukauka. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2317 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya 2017. Tairi la namna hiyo likatae hata kama kashata zake ni nzima, au punguza bei ya mawili mapya.

Kwa mji wenu naongeza jambo moja. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilizamisha vyombo vingi sana Houston, na mafuriko hayajakoma. Fungua siti utazame kama kuna tope kwenye nyaya, na oili ikiwa na rangi ya maziwa, ondoka. Soma hati ya umiliki vizuri uone kama imeandikwa kuwa chombo kiliharibiwa na maji au kilifutwa na bima. Namba yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17 unaweza kuiingiza bure kwenye huduma ya VINCheck ya NICB, shirika la Marekani linalopambana na uhalifu wa bima, ikakuonyesha kama iliwahi kuripotiwa kuibwa au kufutwa.

Mwisho wa majaribio, injini ikiwa imezimwa, ivute pikipiki kinyumenyume peke yako kutoka gereji mpaka barabarani, kisha irudishe. Muuzaji asikusaidie. Pumzi ikikukata au goti likilalamika, ishukuru na uiache hapohapo.

Kwenye zile dola 6,500, tenga mapema fedha ya helmeti ya kufunika uso mzima, jaketi lenye kinga za mabega na viwiko, glovu, na buti zinazofunika vifundo. Sheria ya Texas inamruhusu mtu wa umri wako aliyepita kozi kupanda bila helmeti. Wewe na vidonge vyako usiutumie uhuru huo hata kufika dukani.

Kuhusu Mama, usiende kumbembeleza. Nenda naye kwa daktari, na asikie majibu kwa masikio yake. Siku ya kuivuta ile pikipiki kinyumenyume, awepo pia. Mwaka wa kwanza panda peke yako, mchana, barabara za pembeni, na usinunue siti ya abiria kwa matumaini ya kumpakia. Kupanda nyuma yako akiamua, ataamua mwenyewe.