Kijiji Kilichosahihisha Mchezo Wake



Sisi tuliomaliza kisomo huulizwa: "Umejua kusoma na kuandika. Haya, sasa utafanyia nini?" Wengine hujibu: nitasoma barua zangu, nitajua mizani ya pamba, nitaweka sahihi badala ya dole gumba. Majibu hayo ni mazuri. Lakini kuna jibu jingine. Leo tusome habari za wanakisomo wenzetu wa Kamiriithu, nchini Kenya.

Darasa linaanza

Kamiriithu ni kijiji cha Limuru, karibu kilomita 30 kutoka Nairobi. Wakati ule wengi wa watu wake walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Wengine hawakuwa na kazi.

Mwaka 1976 wanakijiji walikifufua kituo chao cha elimu na utamaduni. Walianza na darasa la kisomo cha watu wazima. Walisoma kwa lugha yao wenyewe, Kikuyu.

Darasa lilipokwisha wakaulizana: tusirudi nyuma, tufanye nini? Wakaamua kutunga mchezo wa kuigiza. Waliwaomba waandishi wawili, wenyeji wa Limuru, waandike mwanzo wake. Mmoja ni Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Wa pili ni Ngugi wa Mirii, mtaalamu wa elimu ya watu wazima. Kimani Gecau akawa mwelekezaji wa waigizaji.

Kijiji kinasahihisha

Waandishi wakaleta karatasi zao. Mchezo ukasomwa mbele ya watu. Hapo ndipo kazi ilipoanza!

Wazee walisema, hapana, mzee hasemi hivyo. Methali hii haikukaa mahali pake. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza kazi yao ilivyo na mshahara wao ulivyo. Kulikuwa na nyimbo za sherehe za ndoa ziitwazo gitiiro. Mama mmoja asiyejua kusoma ndiye aliyezitamka, neno kwa neno, na mwandishi akaziandika.

Hebu fikirini. Mwenye kalamu alikaa kimya akamsikiliza asiye na kalamu. Nani alikuwa mwalimu pale? Wote wawili. Mmoja alijua kuandika mchezo, mwingine alijua jambo lenyewe.

Mazoezi yalifanyika mbele ya watu wote. Aliyepita njiani aliruhusiwa kusimama, kutazama na kusema, "Hapo mmekosea." Jukwaa nalo walilijenga wenyewe. Kwanza walipanga vijiti vya kiberiti chini, wakaona ramani yake. Kisha wakajenga uwanja wa wazi wa kukaa watu zaidi ya 2000.

Mchezo ulisema nini?

Mchezo uliitwa Ngaahika Ndeenda. Kwa Kiswahili umepigwa chapa kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Unaeleza habari za kibarua Kiguunda, mwenye ekari moja na nusu tu. Tajiri mmoja anamshawishi yeye na mkewe wafunge ndoa ya kanisani. Kiguunda anaweka hati ya shamba rehani benki ili apate fedha za harusi. Deni linamshinda. Shamba linauzwa, na mnunuzi ni yule yule tajiri.

Watazamaji walilijua jambo hili. Lilikuwa jambo lao.

Gharama yake

Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba, 1977. Watu walifurika. Tarehe 16 Novemba serikali iliondoa kibali. Tarehe 31 Desemba, Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka 1982 kituo kilifungwa na uwanja ukabomolewa na polisi. Ngugi wa Mirii na Gecau walikwenda Zimbabwe, ambako waliendelea na kazi ya michezo ya wananchi. Ngugi wa Thiong'o aliishi ng'ambo miaka mingi, akafariki mwaka 2025.

Basi msidhani kwamba sanaa ya kijiji ni mchezo wa watoto. Mbao za uwanja zilivunjwa, lakini kitabu kipo na kinasomwa hadi leo. Kama maneno ya yule mama yasingeandikwa, yangepotea pamoja na zile mbao.

Na sisi tufanyeje?

1. Mtafuteni fundi wa hapa hapa. Kila kijiji kina malenga, mpiga ngoma, mfinyanzi, mchongaji au msimulizi wa hadithi.
2. Chagueni jambo linalowagusa wote: maji, deni, shamba, ndoa za mabinti.
3. Chagueni mwandishi mmoja mwenye daftari. Aandike yanayosemwa, asiandike anayoyataka yeye.
4. Someni kwa sauti mbele ya wote, hata wasiojua kusoma. Sahihisheni. Someni tena.
5. Ulizeni mapema habari ya kibali.
6. Onyesheni kwanza nyumbani. Wenyeji ndio wanaojua kama mmesema kweli.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini waandishi walikubali kusahihishwa na wasiosoma?
2. Kiguunda alikosea wapi? Je, ungekuwa wewe ungefanyaje?
3. Ni nyimbo gani za kijiji chetu zinajulikana na wazee tu? Nani ataziandika, na lini?

Maneno magumu

Rehani: kitu unachoweka kwa mkopeshaji mpaka ulipe deni.
Kizuizini: mahali anapofungiwa mtu bila kuhukumiwa.
Malenga: mtunzi hodari wa mashairi na nyimbo.