Mirtili iko mbali, mapera iko nyuma ya nyumba



Siku hizi kuna tunda moja dogo la buluu ambalo watu wanalisifu sana kwenye redio na kwenye simu. Kwa Kifaransa linaitwa mirtili. Wengine kati yenu wametuuliza: ile sifa ni ya kweli? Na sisi huku Kabambare tunaweza kuipanda?

Sifa yake iko na msingi. Ile rangi inatoka kwa kitu kinachoitwa antosiyanini, na watafiti wameona mirtili inasaidia mishipa ya damu kufanya kazi vizuri. Lakini ni chakula, siyo dawa. Mtu akikuja kuwauzia maji yake kwa chupa ati yanaponyesha tansiyo au ugonjwa wa sukari, mumwache apite. Rangi ya namna hiyo munaipika nyumbani kila mara: iko kwenye ganda la maharage mekundu na meusi, na kwenye ganda la bilinganya.

Kuipanda ni jambo lingine. Mirtili ni mti wa nchi za baridi, Wamarekani walianza kuuza ile ya shamba mwaka 1916. Kenya nayo inalima, kule kwenye milima. Inataka udongo wa asidi kali na maji ya kila mara, na aina nyingi haziwezi kuzaa bila baridi. Joto letu haliifai. Msitoe pesa ya koperative kwa miche yake.

Sasa tuangalie vitamini C. Gramu 100 za mirtili ziko na miligramu 10 hivi. Gramu 100 za mapera ziko na zaidi ya 200. Hatukuongeza sifuri! Papai liko na 60 hivi. Mama wa mimba anahitaji miligramu 55 kwa siku, kwa hiyo pera moja lililoiva linamtosha na linabakisha.

Kwa nini tunakaza sana juu ya pera? Ni kwa sababu ya damu. Malaria inamaliza damu ya watoto wetu, minyoo inanyonya ingine, na mama wa mimba anagawa yake na mtoto wa tumboni. Kutengeneza damu mpya, mwili unahitaji chuma. Chuma ya nyama na samaki inaingia mwilini kwa urahisi. Chuma ya maharage, lengalenga na sombe ni ngumu kuingia, sehemu kubwa inapita na kutoka. Vitamini C njo inaifungulia mlango. Lakini lazima vikutane tumboni kwa wakati mmoja: pera la asubuhi halisaidii maharage ya jioni. Kuleni pera pamoja na chakula, ao mara tu mkimaliza bugali. Na chai ao kahawa isinywewe hapo hapo, kwa sababu inafunga ule mlango. Mungoje saa moja hivi.

Mtu atasema: sombe nayo iko na vitamini C. Ndiyo, ikiwa mbichi. Lakini sombe lazima itwangwe na ichemke sana ili sumu yake itoke, na moto ule unaharibu vitamini C. Ndiyo maana tunda bichi linahitajika kando ya sahani.

Wengi wanasema pera ni chakula cha watoto wa njiani na mbuzi. Kisha beseni zima linaenda Salamabila kwa wachimba zahabu, na pesa kidogo inarudi na biskwiti. Tunajua minerivali inangoja, hatusemi msiuze. Tunasema bakuli moja libaki nyumbani kabla beseni halijapanda kichwani, na mama wa mimba achague wa kwanza.

Mtoto wa miezi sita na zaidi anaweza kula pera lililopondwa na kuchujwa mbegu. Lioshwe kwa maji safi, kipindupindu tunakijua.

Pera halichukui nafasi ya kituo cha afya. Mtoto akiwa na viganja vyeupe, ngozi ya ndani ya jicho nyeupe, ao anahema bila kukimbia, mumpeleke siku ile ile. Mama anayepewa vidonge vya chuma kwenye CPN aendelee kuvimeza, anaweza kuvimeza na pera.

Kwa wale wanaotaka kupanda: chagueni mbegu za mti unaozaa vizuri, mpande kwa nafasi ya metre 5 ao 6. Mti wa mbegu unaanza kuzaa kwa miaka 3 ao 4 hivi. Adui mkubwa ni inzi wa matunda, anayetaga ndani na kuacha funza. Mapera yaliyooza na kuanguka yaokotwe kila siku na kufukiwa chini sana, nusu metre ao zaidi. Mkiyaacha chini ya mti, inzi wapya watatoka pale pale na kurudi kwenye matunda yanayobaki.