Bei ya Haki: Mafundisho ya Islam kwa Mnunuzi wa Gari

Wako watu wanaodhani ya kuwa dini ina maneno juu ya sala, saumu na zaka tu, na kwamba mtu akiisha kutoka msikitini na kuingia sokoni, dini hunyamaza na kumwachia ujanja wake. Dhana hii ni kosa kubwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu haielezi habari za sala wala za hija. Yaeleza namna watu wanavyopasa kuandikiana madeni, kuweka mashahidi na kutendeana haki katika biashara (Sura Al-Baqarah, aya ya 283). Mwenyezi Mungu ajua ya kuwa imani ya mtu hujaribiwa zaidi pale fedha inapotoka mkono mmoja na kuingia mkono wa pili.

Katika somo hili tutazungumza juu ya kupatana bei ya haki mtu anaponunua gari. Tumechagua gari kwa sababu, baada ya shamba na nyumba, ndicho kitu cha thamani kubwa ambacho wengi wa ndugu zetu wa Morogoro watanunua maishani mwao. Mkulima wa Nyandira au wa Kinole huweka akiba ya misimu mingi ya kabichi, karoti na ndizi ili apate gari dogo la mizigo, lile linaloitwa kirikuu, asitegemee tena gari la mtu mwingine kuteremsha mazao yake kutoka milima ya Uluguru. Akidanganyika siku moja katika ununuzi huo, jasho la miaka mingi limepotea. Kwa hiyo jambo hili si dogo, na haifai kulichukulia kama mchezo wa maneno.

Je, kupatana bei kunaruhusiwa?

Wengine huona haya kupatana bei, wakidhani ni alama ya ubahili au upungufu wa uchamungu. Lakini Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe alipatana bei, tena ya kipando. Hadhrat Jabir bin Abdullah r.a. alikuwa safarini pamoja naye juu ya ngamia aliyechoka. Mtume s.a.w. alimchochea ngamia yule, naye akaenda vizuri; ndipo akamwomba Jabir amwuzie. Jabir hakupenda kwanza, kisha wakakubaliana uqiya moja ya fedha. Jabir akaweka sharti kwamba atampanda ngamia huyo mpaka wafike Madina, na Mtume s.a.w. akalikubali. Walipofika, alimlipa bei yote na kumzidishia, kisha akamrudishia na ngamia wake.

Tunapata hapa mafunzo matatu. Kwanza, kupatana ni halali, maana aliye bora kuliko watu wote amefanya hivyo. Pili, mwuzaji ana haki ya kuweka sharti, na mnunuzi hapaswi kukasirika. Tatu, bei iliyokubaliwa hulipwa kamili. Na kuzidisha kwa hiari ni hisani, bali kupunguza baada ya makubaliano ni dhuluma.

Bei ya haki ni ipi?

Wazee watakumbuka ya kuwa nchini Tanzania ilipitishwa Sheria ya Kudhibiti Bei mwaka 1973, na kwa miaka mingi bei za bidhaa nyingi zilipangwa na serikali. Kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mambo yalianza kugeuka, na leo bei ya gari huamuliwa na vinywa vya watu wawili. Katika zama za Mtume s.a.w. pia, bei zilipopanda Madina, watu walimwomba awapangie bei. Alikataa, akieleza kwamba Mwenyezi Mungu ndiye apanguaye na akunjuaye riziki, na kwamba yeye alitaka kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhuluma ya damu wala ya mali.

Kama bei haikupangwa, haki yake itajulikanaje? Qurani Tukufu yatupa kipimo katika Sura An-Nisaa, aya ya 30, inapokataza kula mali za watu kwa batili na kuruhusu biashara ya kuridhiana. Basi mzizi wa jambo ni ridhaa. Lakini ridhaa ya mtu asiyejua siyo ridhaa. Aliyeuziwa gari lililopata ajali, akaambiwa halijapata kugongwa, hakuridhia gari lile. Aliridhia gari lingine lililokuwamo katika maneno tu. Hivyo twaweza kusema: bei ya haki ni ile ambayo wote wawili wangeiridhia hata kama kila mmoja angejua yote ayajuayo mwenzake.

Ndiyo maana Mtume s.a.w., alipoingiza mkono wake katika rundo la nafaka sokoni na vidole vyake vikagusa unyevu, alimwuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akasema kwamba adanganyaye hayumo katika kundi lake. Rangi mpya iliyopakwa juu ya kutu haina tofauti na nafaka kavu iliyowekwa juu ya nafaka mbichi.

Kipimo hiki chamfunga mnunuzi pia. Hadhrat Jarir bin Abdullah r.a., aliyekuwa ameahidi kwa Mtume s.a.w. kumtakia mema kila Mwislamu, alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Alipomwona, akamwendea mwenye farasi na kumwambia kwamba farasi wake ana thamani zaidi. Akaendelea kuongeza bei yeye mwenyewe mpaka ikafika dirham 800. Wako wangapi leo wanaoweza kufanya hivyo?

Maandalizi ya mnunuzi

Mwenye kujua hadanganyiki upesi, na kujua ni wajibu kabla ya kufungua kinywa. Mnunuzi na ajiulize mambo haya.

La kwanza ni haja yake. Kirikuu ya Kijapani yenye injini ya sentimita za ujazo 660 imeundwa kubeba mzigo wa kilo 350, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 100. Anayetaka kuteremsha magunia kumi kwa safari moja kutoka Mgeta, hata akipunguziwa bei mara mbili, atakuwa amenunua hasara. Gari lisilofaa haja halina bei nzuri.

La pili ni bei ya soko. Magari mengi yanayoitwa mapya nchini mwetu ni yaliyokwisha tumika Japani, yakaingia kwa bandari ya Dar es Salaam. Bei yake imejengwa juu ya gharama ya kununulia na kusafirishia, ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini na umri wa gari, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na gharama za bandari na usajili. Anayefahamu hayo hatamwita mwenye yadi mnyang'anyi kwa sababu tu bei ni kubwa, wala hatakubali kila bei atakayotajiwa. Na aulize katika yadi tatu au nne kabla ya kuamua.

La tatu ni hali ya gari lenyewe. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu asishawishike na herufi za namba ya gari, kwani hizo zaonyesha lini liliandikishwa nchini, hazionyeshi lini liliundwa kiwandani. Kilomita zinazosomeka mbele ya dereva zaweza kurudishwa nyuma; bali pedali zilizolika na kiti kilichochakaa havisemi uongo. Na aende na fundi wake mwenyewe, siyo fundi aliyeletwa na mwuzaji. Injini iwashwe ikiwa baridi. Namba ya chasisi ilinganishwe na iliyo kwenye kadi. Na kwa kuwa gari hilo litafanya kazi ya mlimani, lijaribiwe mlimani: katika mwinuko wa barabara itokayo Mlali kwenda Mgeta, klachi mbovu na breki dhaifu hujitangaza zenyewe.

Adabu wakati wa kupatana

Tuchukue mfano, na hesabu zake ni za mfano tu. Mwuzaji ataka shilingi milioni 11. Mnunuzi amekwisha kuona magari ya namna hiyo kwa milioni 10 na nusu, na fundi amesema klachi na matairi mawili yabadilishwe, gharama ikiwa laki 7. Basi aseme wazi: "Ndugu yangu, magari kama hili nimeyaona kwa milioni 10 na nusu, nalo lahitaji matengenezo ya laki 7, kwa hiyo natoa milioni 9 na laki 8." Mwuzaji naye aweza kujibu kwamba betri ni mpya na bodi halijaguswa, akataka milioni 10 na laki 2. Wakikutana kwenye milioni 10, kila mmoja ajua kwa nini amefika hapo. Hakuna aliyeapa, hakuna aliyetukana mali ya mwenzake, wala hakuna aliyesema uongo.

Lakini mnunuzi akisema ameahidiwa gari kama hilo kwa milioni 8, hali hakuahidiwa na mtu yeyote, huo ni uongo, hata kama watu wauita ujanja wa biashara. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha aibu za kitu, biashara yao hubarikiwa. Na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa.

Alikataza pia mambo mengine yanayoonekana sana katika biashara ya magari. Alikataza mtu kupandisha bei hali hataki kununua, kama afanyavyo rafiki wa dalali anayejifanya mteja wa pili ili mteja wa kweli aogope na kuharakisha. Haraka haraka haina baraka. Anayesikia kwamba kuna mwingine anakuja na fedha saa hiyo, na avumilie. Alikataza vile vile kuingilia mapatano ya ndugu yako kabla hayajaisha. Ama dalali, ujira wake ni halali ukijulikana. Kile kiitwacho "cha juu", ambacho dalali huongeza kwa siri bila ya mwuzaji wala mnunuzi kujua, hakina ridhaa ya mtu yeyote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wachamungu wanapaswa kulitazama. Pengine mwuzaji ana mgonjwa hospitalini au anadaiwa, naye yu tayari kuuza kwa nusu ya thamani. Kununua mali yake si haramu, na huenda ni kumsaidia. Lakini kumbana kwa sababu tu ya shida yake, hali mnunuzi anao uwezo wa kulipa thamani yake, ni kufanya msiba wa ndugu yako kuwa faida yako. Hapo ukumbuke mwendo wa Hadhrat Jarir r.a.

Lumbesa ya shamba na lumbesa ya mjini

Wakulima wa Uluguru wanaijua dhuluma ya vipimo kwa mabega yao. Mfanyabiashara huja na gunia, likijaa huongezwa kilemba juu yake, nalo huhesabiwa kuwa gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa, ingawa sheria yataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Sura Al-Mutaffifin yaanza kwa kuwaonya watu wa namna hii, wanaopokea kipimo kamili na kutoa kipimo pungufu. Na Mtume s.a.w. alikataza kuwaendea njiani wenye mazao na kununua kabla hawajafika sokoni na kujua bei, kwa kuwa huko ni kutumia kutojua kwao.

Sasa mkulima huyo huyo, siku anaponunua au kuuza gari, ageuka na kuwa mwenye gunia. Kuficha injini inayokula oili ni lumbesa. Kumwambia mjane kwamba gari aliloachiwa na marehemu mumewe ni chuma chakavu, hali unajua thamani yake, nako ni lumbesa. Anayeichukia lumbesa shambani kwake hana budi kuichukia mjini pia.

Baada ya makubaliano

Mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano yaandikwe: bei, aina ya gari, namba ya usajili na ya chasisi, kasoro zilizotajwa, na nani atalipa gharama za kubadilisha jina katika Mamlaka ya Mapato. Mashahidi wawepo. Mnunuzi ahakikishe ya kuwa anayeuza ndiye aliyetajwa katika kadi, au amepewa idhini kwa maandishi. Na asiyejiamini aweza kuweka sharti la hiari ya siku chache. Mtu mmoja alimlalamikia Mtume s.a.w. kwamba hudanganywa katika biashara, naye akamfundisha aseme wakati wa kununua kwamba kusiwe na udanganyifu. Kuweka sharti si kumtukana mwuzaji; ni kulinda haki za wote.

Ndugu wapenzi, katika masharti kumi ya baiat yaliyotolewa na Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., mwezi Januari 1889, tuliahidi kujiepusha na uongo, dhuluma na hiana, na kutomwudhi kiumbe cha Mungu kwa ulimi wala kwa mkono. Ahadi hiyo haikuwekewa mpaka katika mlango wa yadi ya magari. Jirani asiyepata kusoma kitabu chetu hata kimoja huenda akaijua Jumuiya kwa njia moja tu: jinsi Mwahmadiyya alivyomwuzia au alivyonunua kwake. Na maneno yote ya mahubiri hayawezi kufuta biashara moja ya hila.

Mwenyezi Mungu atujalie riziki ya halali, ndimi za kweli na mikono isiyopunguza vipimo, na atutie baraka katika tununuavyo na tuuzavyo. Amin.