Likizo Jangwani, Jua Likiwaka: Msamiati wa Mapumziko na Mwandishi wa Insha wa Pap Onditi

Utangulizi

Ichukuliwe sentensi hii: "Familia ile ilikwenda likizo katika hoteli ya jangwani pamoja na mbwa wao, jua likiwaka kutwa." Sarufi yake ni timamu. Upatanisho umezingatiwa, maneno yote yamo kamusini, na mwalimu hana pa kutia wino mwekundu. Hata hivyo, akisomewa mzee wa Pap Onditi aliyeketi chini ya mwembe wake saa nane za mchana, yamkini atauliza familia hiyo ilikosa nini hata ikapelekwa huko. Jangwa, jua la kutwa, na mbwa juu yake: katika masikio yake hayo ni maneno ya adhabu. Kwa familia ya Ulaya iliyotoka katika miezi ya baridi na giza la saa kumi alasiri, maneno yaleyale ni raha tupu.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba ugumu wa kuizungumzia likizo ya namna hii kwa Kiswahili hautokani na uhaba wa msamiati. Msamiati upo, tena wa kutosha. Ugumu umo katika mzigo ambao kila neno limebeba kabla halijafika kwenye sentensi. Anayeulipia ugumu huo si mfasiri wa vijitabu vya watalii pekee, bali pia mwanafunzi wa shule ya Nyakach anayepewa mada ya "Likizo niliyoifurahia" na kuwekewa dakika za kuandika.

Jua na kivuli

Pap Onditi imo katika Nyakach, Kaunti ya Kisumu, kusini ya Ghuba la Winam. Jina lenyewe ni la Kijaluo: pap ni uwanda, mahali palipo wazi, na Onditi ni jina la mtu. Mahali hapa ni karibu mno na Ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Jua si kitu cha kungojewa wala cha kusafiriwa. Mwezi wa Januari na Februari ardhi hukauka ikapasuka. Masika yanapofika, uwanda uleule hukabiliwa na mafuriko. Mwaka 2020, kina cha Ziwa Viktoria kilipopanda kupita kiasi, wakazi wengi wa ufuo wa Nyakach walihama makwao. Mtu wa mahali kama hapa anaposema "siku nzuri", huenda akawa na maana ya siku yenye mawingu kidogo na upepo kutoka ziwani.

Lugha imeihifadhi hali hiyo. Nchini Kenya, jua kali si hali ya hewa tu, bali ni jina la kazi: mafundi wa vyuma, seremala na makanika wafanyao kazi pasipo paa. Waraka wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogondogo ulilibeba jina hilo katika anwani yake, nalo likawa istilahi ya kiutawala. La kuzingatiwa zaidi ni lililotokea kabla ya hapo. Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi mwaka 1985, ahadi waliyoipata ilikuwa ya vibanda. Fadhila ya kwanza ya dola kwa mtu wa jua kali ilikuwa kivuli.

Basi mfasiri anayeandika "likizo ya jua kali" ameandika, bila kukusudia, habari za likizo ya kuchomelea vyuma. Hata akilipunguza makali na kusema "likizo yenye jua", bado hajamfikishia msomaji furaha iliyokusudiwa. Eugene Nida, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu nadharia ya tafsiri, alitofautisha ulinganifu wa kimuundo na ulinganifu unaolenga athari kwa msomaji. Kwa mujibu wa mtazamo huo wa pili, neno linalostahili hapa si jua hata kidogo. Ni kivuli, au upepo. Wapo watakaolalamika kwamba kufanya hivyo ni kuigeuza matini. Malalamiko yao yana haki, lakini kuyaacha maneno kama yalivyo nako ni kuigeuza, tena kwa siri zaidi.

Isidhaniwe kwamba hili ni jambo la Waafrika wa Ikweta peke yao. Omani, ambako jamii kubwa ya wasemaji wa Kiswahili imeishi kwa vizazi, ina jangwa halisi, na zipo kambi za kitalii katika mchanga wa Sharqiyah ambako wageni hulala katika mahema. Wakati wa kwenda huko ni miezi ya baridi. Kiangazi kikipamba moto, familia za Ghuba huelekea Salalah, katika jimbo la Dhofar, ambako kati ya Juni na Septemba pepo za kusini-magharibi huleta ukungu na manyunyu, na vilima hugeuka kijani. Pepo hizo ni za msimu mmoja na ule ambao watu wa mwambao wa Kiswahili wanauita kusi. Yaani wenye jangwa lao hulikimbia jua na kwenda likizo mvuani. Bila shaka mzee wa Pap Onditi angewaelewa bila mkalimani.

Likizo, mapumziko, utalii

Neno likizo limetokana na kitenzi likiza, kumpa mtu ruhusa ya kuacha kazi kwa muda. Kitenzi hichohicho hutumika pia kwa maana ya kumwachisha mtoto ziwa. Katika maana zote mbili yuko mtu mwingine mwenye mamlaka: anayelikizwa hakujilikiza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, inayompa mwajiriwa siku zisizopungua 21 za kazi za mapumziko yenye malipo kwa mwaka, imejengwa juu ya fikira hiyohiyo ya ruhusa. Mkulima wa mtama wa Nyakach hana wa kumlikiza. Ana msimu tu.

Neno lake ni pumzika, lenye uhusiano wa wazi na pumzi na pumua. Kupumzika ni kuirudisha pumzi iliyokatika. Hapa mwanafunzi Mjaluo ana hazina ambayo aghalabu haikumbukwi darasani: katika Kijaluo, yueyo ni kupumua na pia ni kupumzika. Walimu wamezoea kuitaja lugha ya mama pale tu inapoharibu matamshi au upatanisho. Katika kisa hiki lugha hiyo inafundisha maana ya ndani ya neno la Kiswahili kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Utalii nao una historia ya kushangaza. Talii, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa na maana ya kusoma au kuchunguza kwa makini kabla halijawa la kutembelea nchi ili kuzifurahia. Mtalii wa kale alikuwa msomaji. Katika nathari ya Kiswahili pia, msafiri kwa muda mrefu hakuwa mtu wa starehe. Masimulizi yaliyokusanywa katika Safari za Wasuaheli, yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, ni ya watu walioingia bara kwa biashara na kwa kazi. Na katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996) kijana anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Safari huwa na dhamira. Familia inayosafiri ili isifanye lolote ni wahusika wageni kwa kiasi fulani katika fasihi hii, na mwandishi anayewaingiza hana budi kuwatafutia nafasi.

Mbwa

Kiungo kigumu zaidi cha sentensi iliyotajwa mwanzoni ni mbwa, na ugumu unaanzia kwenye sarufi. Majina ya jamaa na ya urafiki yaliyo katika ngeli ya N huchukua kimilikishi cha ngeli hiyo: baba yangu, ndugu zangu, rafiki yangu. Majina ya wanyama katika umoja huchukua kimilikishi cha ngeli ya kwanza: ng'ombe wangu, mbwa wangu. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliieleza tofauti hiyo pamoja na wingi wa aina ya ng'ombe zangu. Kwa hiyo Kiswahili sanifu kinamweka mbwa pamoja na ng'ombe na mbuzi, mbali na rafiki na ndugu. Mwanafunzi wa Kenya aandikapo "mbwa yangu" husahihishwa mara moja, na ni haki asahihishwe. Ila ukweli wa kuchekesha ni kwamba kosa lake ndilo linalokaribia zaidi wazo la familia ya kigeni ambayo mbwa wao hulala kitandani na kuandikishwa hotelini kama mgeni.

Semantiki inaenda njia moja na sarufi. Katika mwambao, ambako wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, ingawa mbwa wa kuwinda na wa kulinda ana ruhusa yake. Methali inaonya kwamba anayecheza na mbwa atafuatwa naye hadi msikitini. Kumwita mtu mbwa ni tusi zito. Hata hivyo, haifai kudai, kama wadaivyo baadhi ya wahakiki, kwamba Kiswahili hakimthamini mnyama huyu. Methali "Mbwa hafi maji akiona ufuko" imemchagua yeye, si paka wala mbuzi, kuwa mfano wa anayejikaza hadi dakika ya mwisho. Aliyeitunga alimtazama mbwa akiogelea, na alimtazama kwa muda.

Katika boma la Nyakach mbwa yupo, na ana kazi. Hulinda usiku, huandamana na wachungaji, hubweka mgeni anapokaribia lango. Mahali pake ni uani. Mtoto huenda naye ziwani na kurudi, humpenda, na hana haja ya kulitaja pendo hilo. Matatizo huanza shuleni, ambako mbwa wa insha huitwa Simba. Kwa Kijaluo simba ni kibanda cha kijana wa kiume katika boma la baba yake. Mwanafunzi aandikapo "usiku nililala katika simba na Simba alilala nje mlangoni", ameandika kitu sahihi kabisa kwa lugha mbili, na msahihishaji asiyejua Kijaluo atadhani mtoto amechanganyikiwa.

Jangwa

Kuhusu jangwa maneno machache yatatosha. Kenya inalo, Chalbi katika Marsabit, na huko wageni hufika. Nyakach si jangwa. Ina makorongo ya Katuk Odeyo, ambako maji ya mvua yameichimba ardhi hadi kuacha kuta tupu za udongo, na mtu akisimama ndani yake mwezi wa Februari anaweza kudhani yuko jangwani. Tofauti ni kwamba jangwa la mtalii lilikuwapo tangu zamani na litakuwapo akiondoka. Korongo linakula shamba la mtu. Ndiyo sababu neno jangwa haliwezi kusikika Pap Onditi kama mandhari ya kupigia picha.

Insha yenyewe

Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, ulikuwa na karatasi ya insha ya Kiswahili, na KCSE bado ina karatasi yake. Katika mazingira hayo kulikua aina ya insha ya likizo inayofahamika na kila mwalimu: jogoo anawika, familia inaingia garini, inafika Mombasa, inaogelea, inakula kuku kwa chipsi, inarejea imechoka lakini imefurahi. Aghalabu mwandishi hajapata kuiona bahari. Tamathali za usemi amezikariri, hoteli ameikariri, na hata furaha ameikariri. Alama huweza kupatikana kwa njia hiyo. Kinachopotea ni kwamba mtoto amefundishwa kuyaona mapumziko kuwa ni jambo linalotokea kwingine, kwa watu wengine, na kwamba Disemba ya kwao haina maneno.

Disemba hiyo inayo maneno, nayo ni magumu kuliko ya hoteli. Bwawa la kuogelea, mwavuli na mapokezi hufundishika kwa kipindi kimoja. Ni mwanafunzi gani, hata wa chuo kikuu, atakayeyapata kwa haraka maneno ya yafuatayo: shangazi aliyetoka Nairobi na kuvua viatu langoni, mbwa aliyemtambua baada ya mwaka mzima na kuchezesha kiwiliwili kizima badala ya mkia peke yake, mikeka inayotandikwa asubuhi upande wa magharibi wa mwembe na kuhamishwa, kidogo kidogo, hadi upande wa mashariki ifikapo saa kumi?

Zoezi moja linaweza kujaribiwa katika darasa la tafsiri au la uandishi. Wanafunzi wapewe ile sentensi ya mwanzo, kisha waambiwe waipeleke Pap Onditi bila kuipunguzia furaha yake. Mmoja ataandika: "Walikuja nyumbani Disemba, wakapumzika." Hajakosea, ila mbwa amepotea. Mwingine ataandika: "Walishinda kutwa wakifuata kivuli cha mwembe na mikeka yao, na mbwa akawatangulia kila kilipohama." Hapo jua limo, ingawa halikutajwa, familia imo, na mbwa yuko nje, mahali pake, akiwa amefika kwenye kivuli kabla ya wenyewe. Kinachobaki kujadiliwa ni kama aitwe mbwa wao au mbwa wa nyumbani kwao, na mjadala huo unatosha kumaliza kipindi.