Tiyo za kuvuta hewa katika gari ya zamani: ni ndogo, lakini freni inazitegemea



Somo la leo si la mbegu wala la mbolea. Ni la motere. Wengine watauliza: agronome anatafuta nini chini ya kapo ya gari? Jibu ni rahisi. Mahindi ambayo hayajafika sokoni hayajawa feza. Na huku kwetu Musumba, kama vile katika teritware yote ya Kapanga, mazao yanashuka mpaka Sandoa, yanapita Kasaji na Mutshatsha, njo yafike Kolwezi. Ni safari ndefu, na gari ndiyo inaamua kama kazi ya mwaka mzima itaonekana ao haitaonekana.

Koperative nyingi hazina uwezo wa kununua gari mpya. Zinanunua ao zinapewa gari ya zamani, kisha zinaitengeneza upya. Hilo si jambo baya. Land Cruiser za miaka ya 1980 ni ngumu, na mafundi wetu wanazijua. Lakini kuko kitu kimoja ambacho tunakisahau mara nyingi wakati wa kutengeneza: zile tiyo za kauchu zinazovuta hewa.

YALE YALIYOTUPATA

Koperative moja ambayo tunatembea nayo ilikuwa na Land Cruiser HJ47, yenye motere 2H ya mazutu, silinda sita. Ilikuwa imelala chini ya mwembe miaka mingi. Wamemba walichanga, fundi akafungua motere, akasafisha tanki, akabadilisha mipira. Alternatere ilikuwa imekufa, basi wakaagiza ingine kutoka mjini. Ilipofika, ikafungwa, batri ikapata moto, watu wakapiga vigelegele.

Siku ya kwanza ya kubeba mahindi, shofere alianza kuteremka kwenda mtoni. Akakanyaga freni. Pedali ikawa ngumu kama jiwe, na gari ikapunguza mbio kidogo tu. Shofere hakupoteza akili. Alirudisha vitesi ya kwanza, kisha akaielekeza gari kwenye kichuguu pembeni ya njia. Magunia machache yalipasuka. Hakuna aliyeumia, lakini juu ya yale magunia walikuwa wamekaa wamama wane. Hilo hatujalisahau mpaka leo.

Walituita. Na sisi, tuseme kweli, tulikosea. Tuliona pedali ngumu, tukasema: "Ni silinda kubwa ya freni." Tukawashauri wanunue mpya. Wakainunua kwa feza iliyowekwa kwa ajili ya mbegu. Tukaifunga, tukajaribu, pedali ikabaki ngumu vile vile.

Njo mzee mmoja, shofere wa zamani, akainama chini ya kapo, akagusa tiyo moja nene, akauliza: "Watoto, hii tiyo inakwenda wapi?" Hakuna aliyejibu. Ilikuwa inatoka kwenye servo ya freni, na mwisho wake ulikuwa umezibwa kwa buloni na waya. Alternatere ya zamani ilikuwa na pompe ya kuvuta hewa mgongoni mwake. Ile mpya haikuwa nayo. Ilitoa moto wa batri vizuri kabisa, lakini haikuvuta hewa hata kidogo.

Ulizo la yule mzee ndilo somo lote la leo: kabla ya kununua kitu chochote, ujue kila tiyo inatoka wapi na inakwenda wapi.

KUVUTA HEWA NI NINI?

Watoto wetu wanakata shina la jani la papai na kunywa munkoyo nalo. Kinywa kinavuta, kinywaji kinapanda. Shina likiwa na tundu katikati, unavuta hewa tu. Shina likiwa laini sana, linajikunja na kujifunga. Wale wenye motopompe ya kumwangilia mboga wanajua vile vile: tiyo ya upande wa kuvuta inapaswa kuwa ngumu, na hewa ikiingia hata kidogo, maji hayapandi.

Servo ya freni, ambayo mafundi wengi wanaiita mastervac, ni lile kopo kubwa la mviringo mbele ya pedali. Ndani kuna membrani inayoligawa sehemu mbili. Motere inapozunguka, hewa inavutwa itoke pande zote mbili. Ukikanyaga, hewa ya inje inaingia upande mmoja tu, inasukuma membrani, na inasaidia mguu wako. Kama hakuna kinachovuta, mguu unabaki peke yake. Freni haijakufa, lakini inadai nguvu ambayo shofere mwenye mzigo mzito hawezi kuipata kwa haraka.

Motere ya esansi inavuta hewa yenyewe kupitia njia yake ya kuingiza hewa, kwa hiyo servo inafungwa hapo hapo. Motere ya mazutu haivuti hivyo kwa nguvu ya kutosha. Inahitaji pompe. Katika Land Cruiser za zamani zenye motere 3B ao 2H, pompe hiyo iko nyuma ya alternatere, na inazungushwa nayo pamoja.

Pompe hiyo ina njia tatu. Ya kwanza ni tiyo nene ya hewa inayokwenda kwenye servo. Ya pili ni bomba dogo linaloleta oili kutoka kwenye motere. Ya tatu inarudisha oili kwenye motere. Zote tatu ni za lazima. Bila oili, pompe inaungua. Tiyo ya kurudisha ikijikunja, oili inakosa njia. Na bomba la kuleta likipasuka njiani, motere nzima inaweza kubaki bila oili.

TIYO YA INJEKSIYO: HAPA KUWENI NA ANGALISHO

Katika motere kadhaa za zamani za mazutu, kama ile 2H ya HJ47, kuko tiyo zingine za kuvuta hewa. Zinatoka kwenye njia ya kuingiza hewa na kwenda nyuma ya pompe ya injeksiyo, kwenye kikopo cha mviringo chenye membrani ya ngozi. Huko, mguu wa shofere hauongezi mazutu moja kwa moja. Unafungua kifuniko ndani ya njia ya hewa. Kifuniko kikifungwa, mvuto unakuwa mkali, membrani inavutwa, mazutu yanapungua. Kikifunguliwa, mvuto unapungua, resori inasukuma, mazutu yanaongezeka.

Sasa fikirini: tiyo hiyo ikichomoka ao ikipasuka, mvuto unakwisha. Resori inasukuma mpaka mwisho. Motere inapanda mbio peke yake, moshi mweusi unatoka, na inaweza kujivunja. Tundu dogo nalo linaonekana: katika ralanti motere inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama mtu anayepumua vibaya.

Ikitokea gari imesimama na motere inapanda mbio, zima kwa ufunguo. Ikikataa, kanyaga freni kwa nguvu, tia vitesi ya juu, na uachie ambrayaje polepole mpaka motere ife. Ao ziba mdomo wa kuingiza hewa kwa ubao. Usizibe kamwe kwa mkono.

NAMNA YA KUPANGA TIYO, HATUA KWA HATUA

1. Chora kwanza. Kabla ya kuchomoa kitu, kamata karatasi, chora servo, alternatere, pompe ya injeksiyo na njia ya hewa. Andika kila tiyo inatoka wapi na inakwenda wapi. Telefone yenye kupiga picha inasaidia, lakini karatasi haiishiwi batri.

2. Tia namba. Funga kipande cha kitambaa ao plastere kwenye miisho yote miwili ya kila tiyo, namba moja moja. Kama tiyo za injeksiyo ni mbili, zikibadilishana mahali, motere haitatulia.

3. Badilisha moja moja. Usichomoe zote kwa mara moja. Toa ya zamani, pima urefu wake na upana wa tundu lake, kata mpya sawa sawa, funga, kisha uende kwa ingine.

4. Tumia tiyo ya kweli. Iwe nene, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvuta hewa. Tiyo ya kumwangilia, tiyo ya serumu ya hospitali ao ile nyembamba ya esansi inajikunja motere ikipata moto, na freni inapotea bila kutoa alama.

5. Angalia klapeti. Kwenye tiyo ya servo, ao pale inapoingia kwenye kopo, kuko klapeti ndogo. Inaacha hewa itoke kwenye servo kwenda kwenye pompe, na inaikataza kurudi. Ipulize kwa kinywa: upande mmoja hewa ipite, upande mwingine isipite. Ikipita pande zote mbili, itupe.

6. Funga vizuri. Tia koliye kwenye kila mwisho. Weka tiyo mbali na bomba la moshi na mbali na mukanda. Tundu lisilotumika lizibwe kwa kifuniko na koliye, lakini baada ya kujua kwa hakika kwamba halitumiki.

MAJARIBIO MATATU YA SERVO

Haya hayaombi chombo chochote. Shofere ayafanye kabla ya kila safari yenye mzigo, gari ikiwa imesimama mahali tambarare.

Kwanza: motere ikiwa imezimwa, kanyaga freni mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu. Shikilia mguu hapo, washa motere. Pedali inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, hakuna mvuto.

Pili: acha motere izunguke dakika moja ao mbili, kisha uizime. Kanyaga polepole mara tatu. Mara ya kwanza pedali ishuke chini, mara ya pili na ya tatu ibaki juu zaidi. Ikiwa sawa mara zote, servo haichungi mvuto.

Tatu: motere ikizunguka, kanyaga na ushikilie. Zima motere bila kuondoa mguu. Hesabu sekunde 30. Pedali ikikusukuma mguu kwenda juu, kuko mahali hewa inaingia.

KUTAFUTA TUNDU

Sikiliza kwanza. Tundu linapiga mluzi mdogo, sawa vile nyoka. Kisha zima motere, chomoa tiyo, ziba mwisho mmoja, pulizia mwingine kwa pompe ya kinga polepole, na upake maji ya sabuni. Pale mapovu yanapotoka, njo penye ugonjwa.

Membrani ya injeksiyo nayo inapimwa kwa kidole. Motere ikiwa imezimwa, chomoa tiyo, sukuma mukono wa kuzimia mpaka mwisho, ziba tundu la kikopo kwa kidole, kisha uachie. Mukono ukibaki umeshikwa kwa muda, membrani ni nzima. Ukirudi mara moja, ngozi imepasuka ao imekauka.

Kuko watu wanaomwagia esansi juu ya tiyo ili wasikilize motere inabadilika. Tunawaomba muache. Esansi juu ya motere yenye moto inawaka, na motere ya mazutu ikivuta esansi inaweza kukimbia bila kusimama.

Wenye manometere wakumbuke jambo moja. Kwenye bahari, hewa ina uzito wa milimita 760 za zebaki. Kolwezi, kwenye mita karibu 1400, ni karibu 640 tu. Kila mita 300 za kupanda zinaondoa karibu milimita 25. Kwa hiyo motere ya esansi ambayo kitabu kinaidai 430 mpaka 530 katika ralanti, Kolwezi itaonyesha karibu 310 mpaka 410, na iko nzima. Msifungue motere juu ya namba iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani.

KAZI YA KOMITE

Ile HJ47 inatembea leo. Walitafuta alternatere yenye pompe, wakatia tiyo mpya na klapeti. Feza ya mbegu ilirudishwa, lakini msimu ulikuwa umekwisha kupita kidogo, na mashamba kadhaa yalipandwa kwa kuchelewa. Mahindi yaliyochelewa hayakujaza gunia. Tiyo moja ambayo hatukuifuata mpaka mwisho ilifika mpaka ndani ya shamba.

Tunawaomba basi kila komite iwe na kayee ya gari. Muchoro wa tiyo ubandikwe kwenye ukurasa wa kwanza. Kila chombo kinachobadilishwa kiandikwe, na cha zamani kisitupwe kabla ya kulinganishwa na kipya, kimoja pembeni ya kingine, mbele ya wamemba wawili. Tiyo zote ziangaliwe mara mbili kwa mwaka: mwezi wa nne mbele ya mavuno, na mwezi wa kumi mbele ya mvua kubwa. Na mpaka majaribio matatu yapite, mtu asipande juu ya magunia.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

- Katika gari yetu, servo inapata mvuto kutoka wapi? Nani anaweza kutuonyesha kwa kidole?
- Ni chombo gani tulikinunua mwaka huu bila kujua kwanza ugonjwa?
- Nani ana ruhusa ya kusema "leo gari haitoki", hata kama mnunuzi anangoja?

Lile ulizo la mwisho muliongelee vizuri. Shofere asiye na ruhusa ya kukataa atateremka mlima na pedali ngumu.

Mungu abariki mavuno yenu. Tutaonana katika somo linalofuata, nalo litarudi shambani: namna ya kuchunga mahindi yasiliwe na fukusi.