Fonti ya Kibao Hiki Ni Ipi?

Swali: Ninachapisha fulana na mabango. Mteja ameniletea picha ya kibao cha duka, anataka maandishi yaleyale. Nitaijuaje fonti yake?

Jibu: Kwanza hakikisha ni fonti kweli. Tafuta herufi inayojirudia, mathalani zile a tatu za neno "karanga". Zikitofautiana, moja ina tumbo kubwa na nyingine mkia mrefu, basi kibao kiliandikwa na fundi kwa brashi. Hapo usihangaike kutafuta jina. Zichore upya kwa kufuatisha picha, na uiheshimu kazi ya mkono wake.

Zikilingana kabisa, achana na o na l, hazisemi mengi. Kagua R, G, a na t. Helvetica ya Uswisi (1957) na Arial ya kampuni ya Monotype (1982) huchanganywa kila siku, maana upana wa herufi zake umelinganishwa makusudi. Lakini itazame t: kwenye Helvetica kichwa chake kimekatwa sawasawa, kwenye Arial kimekatwa mshazari. Mguu wa R ya Helvetica hupinda kisha hushuka wima; wa Arial hutoka nje kwa mstari mmoja. G ya Helvetica ina kisigino chini, ya Arial haina.

Ukitumia WhatTheFont, huduma ya mtandaoni inayotambua fonti kwa picha, piga picha ukiwa mbele kabisa ya kibao, kata neno moja tu. Jina utakalopewa ni pendekezo. Andika neno lilelile kwa fonti hiyo, ulilaze juu ya picha, uone kingo zinapoachana.